Dereva Aliyeshusha Mabegi Mwenyewe

Madereva wengi wa mabasi ya masafa marefu wakishazima injini hujiona wamemaliza. Hushuka kwa mlango wao mdogo, wakanyoosha mgongo, wakatafuta chai. Mambo ya mabegi ni ya kondakta. Abiria akiwauliza lolote, hujibu kwa kidole.

Yai hakuwa hivyo. Kila alipofika langoni, pale njia ya mahujaji inapoanzia, alishuka, akakunja mikono ya shati, akafungua buti la basi na kutoa mabegi mwenyewe, akimkabidhi kila mtu lake. "Mimi nimekuleta kwa makalio," alimwambia kila mmoja, "sasa malizia kwa miguu." Watu walicheka. Hata waliokuwa wamenuna njia nzima kwa sababu ya kiyoyozi walicheka. Kwake ile ilikuwa sehemu pekee ya kazi ambapo alimwona mtu uso kwa uso. Saa zote nyingine abiria kwake alikuwa kichwa kwenye kioo.

Jina la Yai alipewa na makondakta. Walisema anaendesha kana kwamba amefungiwa yai chini ya soli ya kiatu. Breki yake huisikii. Unashtukia tu miti imesimama. Kondakta wake wa siku nyingi, kijana mwenye mdomo usiopumzika ambaye kila mtu alimwita Redio, alikuwa na tangazo lake la kila safari: "Abiria wapendwa, choo kiko nyuma. Kwa mwendo wa dereva wetu mna muda wa kuoga kabisa na kupiga pasi."

Asubuhi ninayoisimulia, basi lilikuwa limeegeshwa mbele ya uwanja wa ndege, jua ndiyo kwanza linachomoza. Yai alikuwa juu ya kigoda akifuta kioo cha mbele. Mahujaji walitoka mlangoni makundi kwa makundi, macho mekundu kwa kukosa usingizi, viatu vyao vipya vikilia kwenye sakafu. Redio alikuwa akipokea mabegi na kuyasukuma ndani ya buti, huku akimwambia mzee mmoja kwamba kwa uzito wa begi lile mlima wenyewe utaomba poo.

Ndipo Yai alipomwona shemeji yake. Ni mdogo wa marehemu mkewe, mwanamke mnene mwenye goti bovu na ulimi mzima. Alikuwa akichechemea kuelekea kwenye basi, na nyuma yake alikuja mwanamke kijana mwenye nywele fupi, begi la mgongoni begani, macho yakitazama chini kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.

Kitambaa kilimtoka Yai mkononi. Alikuwa binti yake.

Binti naye aliinua macho, akasimama. Akamgeukia mwenzake.

"Mama mdogo, ulisema hili basi ni la nani?"

"La kampuni."

"Nauliza dereva."

"Mabasi mengine yamejaa."

"Umeyaangalia?"

"Nimeyaota. Twende, mwanangu, goti langu halijui kusimama."

Yai aliteremka kigodani. Alitaka kusema neno, akainama kuokota kitambaa. Binti alimfikia, akasimama hatua mbili mbali naye, na kwa sauti ile watu wanayoitumia dukani akasema, "Shikamoo, dereva. Basi hili linafika langoni?"

"Marahaba," alijibu Yai. "Linafika."

"Asante."

Redio, asiyejua lolote, alimvua binti begi la mgongoni na kulitupa ndani ya buti pamoja na mengine. "Viti vya mbele viko wazi, dada," alisema. "Ukitaka kumwona dereva wetu akisinzia, hapo ndipo."

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, maana neno lile "dereva" lilikuwa limenolewa miaka mingi.

Mke wa Yai alikuwa fundi cherehani. Kwa muda mrefu ndiye aliyeshona vitambaa vyeupe vya kuegemezea kichwa kwenye mabasi ya kampuni ile, vyenye ukingo wa buluu. Kila mwaka, msimu wa mahujaji ukikaribia, alikuwa akisema, "Mwaka huu na mimi nitembee." Na kila mwaka Yai alimjibu kwamba msimu ule ndio hapewi likizo, basi angoje mwakani waende wote wawili. Mwanamke alingoja. Aliwashonea mahujaji vitambaa vya kulalia vichwa wakienda kule alikotaka kwenda yeye.

Kisha akaugua. Siku ya mwisho Yai alikuwa njiani, amesimama kwenye kituo cha mapumziko katikati ya safari, basi limejaa mahujaji. Simu ikalia. Alikuwa binti yake, wakati huo bado mwanafunzi wa chuo, akiongea kutoka hospitalini.

"Baba, geuza basi. Mama anakuuliza."

Yai alipiga simu ofisini. Ofisi ilimjibu kwamba hakuna dereva mwingine wa kutuma. Ninyi mnaosoma mmeshapanda mabasi ya namna hiyo, mnayajua: yana televisheni, yana mapazia, yana maua ya plastiki, yamepakwa rangi mpaka yanang'aa kama pipi. Lakini dereva ni mmoja. Asubuhi anakwenda, mchana anarudi, na katikati anapewa saa moja ya kupumua. Kampuni ile ilikuwa na fedha za kununua harufu ya maua ya kupuliza ndani ya basi, haikuwa na fedha za dereva wa pili. Na kosa la jambo hilo halikuwahi kumwangukia mwenye kampuni hata siku moja. Lilimwangukia Yai.

Alimwambia binti yake, "Nina abiria." Akakata simu, akaendesha mpaka langoni. Na alipofika alishuka, akafungua buti, akatoa mabegi. Mikono ilijua kazi hiyo tu. Kisha akarudi na basi. Alipoingia hospitalini jioni, mkewe alikuwa ameshafunikwa shuka.

Binti alikuwa amesimama kwenye korido, mgongo umeegemea ukuta. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja.

"Mabegi ulishusha?"

Yai hakuwa mtu wa uongo. Alisema, "Nilishusha."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya mwisho yenye maana. Binti alipata kazi ng'ambo, akaenda. Alikuwa akimpigia mama yake mdogo kila wiki. Yai alimpigia, simu ikaita mpaka ikachoka. Mara mbili ilipokelewa, na mara zote mbili Yai alianza kueleza: ofisi ilisema hivi, barabara ilikuwa vile, abiria walikuwa hivi. Alieleza mpaka upande wa pili ukawa kimya cha simu iliyokatwa. Neno moja hakuwahi kulisema, nalo ni fupi kuliko yote aliyoyasema. Nilikosea.

Na sasa huyu hapa, kiti cha kwanza, nyuma ya mgongo wake.

Basi liliondoka. Juu ya kichwa cha Yai palikuwa na kibao kilichobandikwa na kampuni: USIONGEE NA DEREVA BASI LIKIWA KATIKA MWENDO. Miaka yote alikipenda kibao kile kwa sababu kilimwepusha na walevi. Leo kilimkaa utosini kama tofali.

Kwenye kioo cha ndani aliwaona wawili wale. Shemeji alikuwa upande wa dirisha, mguu mbovu ameunyoosha. Binti alikuwa nyuma ya kiti cha dereva kabisa, karibu kiasi kwamba Yai alisikia akifungua kifuniko cha chupa ya maji. Viti vyote vya basi siku hizi vilikuwa na vifuniko vya plastiki vyenye matangazo ya simu. Kiti kimoja tu kilikuwa na kitambaa cha zamani, cheupe, chenye ukingo wa buluu. Kilikuwa kiti cha dereva. Kampuni ilishamwambia akitoe. Alikuwa akikitoa wakaguzi wakija na kukirudisha wakiondoka.

Walipotoka mjini, wakaingia kwenye barabara ndefu ya tambarare, Yai aliona kwenye kioo mkono wa binti yake ukinyooka mbele. Vidole viliugusa ukingo wa kitambaa kile, vikaufuata taratibu kutoka kona moja hadi nyingine.

"Hicho ni cha dada," alisema shemeji.

"Najua mshono wake," alisema binti. "Alikuwa anarudia pale pembeni mara mbili. Nilikuwa namwambia anapoteza uzi."

"Akasemaje?"

"Akasema vichwa vya watu ni vizito."

Shemeji alicheka mpaka kiti kikalia. Binti hakucheka, lakini mkono hakuuondoa haraka. Yai aliusikia mgongoni, ingawa haukumgusa. Barabara mbele yake ikawa na ukungu, akapangusa macho kwa kiganja, akajifanya anafuta jasho.

"Shemeji," aliita yule mwanamke, "kiyoyozi si kinafanya kazi? Mbona unatoka jasho?"

"Usiongee na dereva," alisema Yai.

"Kibao kinakataza abiria. Mimi ni ndugu."

Baadaye, Redio alipokwenda nyuma kugawa maji, Yai aliwasikia wakipanga safari. Binti angetembea peke yake pamoja na kundi; mama mdogo angemsindikiza mpaka langoni tu, kisha arudi na basi. Njia ya mahujaji inapanda, inavuka msitu, na inaishia upande wa pili wa mlima, kwenye mji mwingine wenye uwanja wake wa ndege. Huko binti angepanda ndege moja kwa moja kurudi kazini kwake.

"Kwa hiyo hupiti tena nyumbani," alisema shemeji, kwa sauti ya kutosha kusikika kwenye usukani.

"Sipiti. Natembea kwa ajili ya mama, basi. Nikimaliza nimemaliza."

Kwa hiyo ndiyo ilikuwa safari yenyewe. Kutoka hapa mpaka langoni. Yai alishika usukani kwa mikono miwili na kupanga mambo yake. Kwenye mwendo asingeweza kusema. Nyuma palikuwa pamejaa watu na masikio yao. Langoni angeshuka kama kawaida, afungue buti, na begi la binti yake angeliacha la mwisho. Angelishika, ampe mkononi, na kabla hajaliachia angesema. Nilikosea, mwanangu. Maneno mawili. Hata mtu mwenye kigugumizi anayaweza.

Alianza kuyafanyia mazoezi chini ya pumzi.

"Shemeji," ilikuja ile sauti, "unaongea na nani? Na lori?"

Walipofika kituo cha mapumziko, kile kile cha siku ile, watu walishuka kwenda msalani na kununua vitu. Binti alikwenda kwenye safu ya mabomba nje, akanawa uso. Shemeji alibaki amekaa ndani ya basi, akagonga kioo kwa pete yake, akamwonyesha Yai kwa kidevu: nenda.

Yai alinunua vikombe viwili vya chai. Alivuka uwanja ule akitembea kama mtu anayebeba mafuta ya taa karibu na moto. Binti alikuwa amefumba macho, maji yakimchuruzika mashavuni, na kwa kitambo kidogo uso wake ulikuwa wa mama yake mtupu.

"Chai," alisema Yai.

Binti alifumbua macho. Alikitazama kikombe, akakipokea. "Asante."

Walisimama. Hapo ndipo mahali pa kusema. Yai alifungua mdomo, na mdomo ukatoa maneno uliyozoea kuyatoa.

"Kiti hakikuumizi mgongo?"

"Kiti kizuri."

"Kile cha mbele kina springi mpya. Walibadilisha."

"Ndiyo. Nimeona."

"Ukisikia baridi, mwambie kondakta apunguze."

"Sawa."

Binti alikuwa akimtazama sasa, moja kwa moja, na hakuonekana kuwa na haraka ya kuondoka. Alingoja. Yai alijua kwamba anangoja. Alihisi neno limefika kwenye meno, limekaa hapo kama mfupa. Wakati huohuo mzee wa begi zito alimshika bega. "Dereva, mwenzangu amejifungia msalani, mlango umegoma." Redio naye akaja mbio kwamba funguo za msalani anazo mwenye kituo, na mwenye kituo anataka kuongea na dereva. Yai alimaliza dakika zote za mapumziko akivuta kitasa cha mlango wa choo, akimbembeleza mzee aliyefungiwa ndani asipige teke.

Aliporudi, binti alikuwa ameshakaa kitini. Kikombe kilikuwa tupu, amekiweka kwenye pipa la taka.

Nitasema sasa kosa lake, maana ni kosa ambalo dereva mwingine yeyote wa njia ile asingelifanya. Yai alipunguza mwendo.

Alikuwa na hoja zake. Alijiambia kwamba zile dakika za kituoni ziliibwa, na kwamba mtu anaweza kuzirudisha barabarani. Alitaka muda zaidi wa kuwa naye ndani ya kioo. Alitaka maneno yakae sawa mdomoni. Basi mguu wake, uliokuwa mwepesi siku zote, ukawa mwepesi zaidi. Malori yakampita. Magari madogo yakampita yakipiga honi. Pikipiki yenye magodoro mawili ikampita, na Redio akasimama mlangoni akaipungia mkono kwa heshima.

"Mzee," alinong'ona Redio, "leo yai limeshaanguliwa au bado unaliatamia?"

"Barabara ina mashimo."

"Barabara hii? Ilikarabatiwa juzi."

Nyuma yao lilikuja lori refu sana, limebeba mtambo wa chuma mpana karibu sawa na barabara, linasindikizwa na gari lenye taa ya njano inayozunguka. Lilikuwa likienda taratibu, lakini siku ile Yai alikuwa taratibu kulizidi. Gari la taa likampa ishara. Mahali pale palikuwa pa mwisho penye nafasi. Baada ya hapo ni mlima, kona juu ya kona, na hakuna wa kumpita mwenzake. Dereva wa mwaka wa kwanza analijua hilo. Yai alisogea pembeni, akaliachia lori lipite.

Kwenye kona ya kwanza aliona alichokifanya. Mbele yake palikuwa na ukuta wa chuma unaopanda mlima kwa mwendo wa mtu anayesukuma kabati.

Sasa, langoni kuna utaratibu. Kundi la mwisho la siku huingia mchana. Anayeongoza njia hupuliza filimbi ya kwanza watu wajipange, akapuliza ya pili, kundi likaanza kutembea, na lango likafungwa, kwa sababu mbele kuna mto na msitu ambavyo lazima vivukwe kukiwa na mwanga. Basi la Yai lilizoea kufika saa nzima kabla ya filimbi. Katika saa hiyo mahujaji walikula, wakafunga viatu, wakanunua kofia nyeupe za njia. Na katika saa hiyo Yai alishusha mabegi na kupumzika kabla ya kugeuza.

Saa hiyo ilianza kuliwa kona baada ya kona. Watu walianza kutazama simu zao. Mzee wa begi zito alisimama, akakaa, akasimama. Mwingine alisema kwamba ameweka nadhiri ya kuanza leo, na leo si kesho.

Binti aliinama mbele.

"Dereva, tutawahi?"

"Tutawahi."

Kona nyingine. Taa ya njano ikizunguka, ikizunguka. Yai alipiga honi. Mwenye lori akatoa mkono dirishani, kiganja juu, kama anayesema nifanyeje. Na kweli angefanyaje.

Kona nyingine tena. Binti alishika ukingo wa kiti cha dereva, pale pale kwenye kitambaa, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya dukani.

"Baba. Ongeza mwendo."

Yai alilisikia neno lile la kwanza. Kwa miaka yote hiyo alikuwa tayari kutoa mkono wake wa kulia alisikie. Na lilikuwa limekuja na ombi, kama mara ile, na kama mara ile alikuwa ameshika usukani na hana la kufanya. Kushoto ukuta wa mlima, kulia korongo, mbele chuma.

"Siwezi, mwanangu," alisema. "Siwezi kumpita."

Binti aliegemea nyuma. Kwenye kioo Yai aliona shemeji akimshika mkono.

Walipoingia kwenye uwanja wa langoni, filimbi ya kwanza ilikuwa ikilia. Redio alifungua mlango kabla basi halijasimama sawasawa, akaruka chini, akafungua mabuti ya pande zote mbili. Mahujaji walimiminika. Kila mtu alijichomolea begi lake mwenyewe, wakigongana vichwa. Yai alifunga breki, akazima injini, akafungua mlango wake mdogo, na mguu mmoja ulikuwa tayari hewani alipojitokeza askari wa maegesho.

"Rudi ndani, mzee. Umeziba njia. Lori linataka kugeuza."

Lilikuwa lori lile lile. Mtambo ule ulikuwa wa kujenga daraja jipya la mahujaji, na lilihitaji uwanja wote kugeuka.

"Dakika moja," alisema Yai. "Nashusha mabegi."

"Mabegi yameshashuka. Rudi nyuma, mpaka kwenye mti ule."

Aliwasha injini. Alirudisha basi nyuma hatua kwa hatua, vioo vya pembeni vimejaa watu wanaokimbia, Redio hayupo wa kumwongoza, na hata hapo hakuweza kukanyaga kwa nguvu kwa sababu watoto wa wauza kofia walikuwa wakipita nyuma ya basi. Akasikia filimbi ya pili ikipulizwa, ndefu.

Aliposhuka, buti lilikuwa wazi na tupu. Shemeji alikuwa amesimama kando yake, ameshika ukuta wa basi kwa mkono mmoja.

"Yuko wapi?"

"Ameingia."

"Begi lake nani amempa?"

Shemeji hakumtazama. "Lilibaki la mwisho, humo ndani. Redio alitaka kumpa, akakataa. Alisema, 'Si huwa anashusha mwenyewe?' Nikamwambia ndiyo, ngoja, anageuza basi. Akangoja." Alisugua goti. "Alilifuata basi mpaka hapa, mikono mitupu, wenzake wote wamekwenda. Mpaka filimbi ya pili. Ndipo akalichukua."

Yai alikwenda mpaka langoni. Hakukimbia, miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa. Mlinzi wa lango alikuwa ameshika mnyororo, anataka kufunga.

"Kuna mtu wako?" aliuliza.

"Binti yangu."

"Wameshapita kona ya kwanza. Ukikaza mwendo unawakuta mtoni, wanavua viatu kuvuka. Kwenda na kurudi ni kama saa moja hivi." Alisogeza bawa la lango kwa goti. "Haya, pita, mzee, nifunge."

Saa moja. Siku zote alikuwa nayo saa hiyo, na hakuwahi kuwa na kazi nayo zaidi ya kunywa chai. Aligeuka kutazama basi. Abiria wa kurudi walikuwa wamepanga foleni mlangoni, watu wa pale langoni wanaowahi ndege za jioni. Palikuwa na mwanamke mjamzito aliyekalia sanduku lake. Palikuwa na mwanamume aliyevaa suti nyeusi, mwenye sura ya mtu anayekwenda kuzika. Redio alikuwa akiwaonyesha kwa mikono kwamba tayari wamechelewa. Na dereva wa pili hakuwepo, kama ambavyo hajawahi kuwepo.

Yai alimgeukia mlinzi wa lango. Alifungua mdomo, na akajisikia akisema, kwa sauti ile ile, maneno yale yale.

"Nina abiria."

Mlinzi wa lango alitikisa kichwa, akapitisha mnyororo, akafunga kufuli.

Kutoka pale njia huonekana tena mbali juu, inapotoka kwenye vichaka na kukata mgongo wa mlima. Kundi lilijitokeza hapo, safu ya kofia nyeupe, zote zinafanana, zote zinapanda. Yai alitafuta nywele fupi, lakini zilikuwa chini ya kofia. Alitafuta begi, lakini kutoka umbali ule mabegi yote yalikuwa doa moja la giza. Aliinua mkono. Mahujaji wakimwona mtu wa basi akipunga, hupunga. Ni desturi yao. Mikono saba au minane ikainuka. Hakujua ni upi.

Aliendelea kupunga mpaka wote wakaingia msituni.

Aliporudi kwenye basi, shemeji alikuwa amekaa kiti cha kwanza, pale pale alipokuwa amekaa binti. Redio, ambaye sasa alikuwa ameshajua, hakusema lolote kwenye kipaza sauti. Alikihesabu tu kichwa cha mwisho na kufunga mlango.

"Ulimwambia chochote kituoni?" aliuliza shemeji.

"Nilimwambia kiti kina springi mpya."

Shemeji alifumba macho. Yai alirekebisha kioo, ingawa kilikuwa sawa. Akaweka gia, na basi likaondoka bila mtu kusikia, laini, kana kwamba kulikuwa na yai.